Sarafu za kale zenye farasi: nikusanye farasi wote au nimfuate mmoja?

Fundi_Kwato

Wakuu, habari za humu. Kazi yangu ni kutunza kwato za farasi: kuzichonga, kuzisafisha, kupigilia vyuma. Kwa hiyo nikishika sarafu yenye farasi macho yangu yanaanzia chini. Naangalia miguu kabla ya kichwa cha mfalme, na naamini mchongaji aliyemjua farasi kweli utamtambua hapo hapo, kwenye goti na kifundo.

Kwa sasa ninazo tatu tu. Moja ni shaba ndogo ya Constantius wa Pili yenye maandishi FEL TEMP REPARATIO, aina ambayo Roma ilianza kuitoa mwaka 348 BK. Askari anamchoma mkuki adui aliyeanguka pamoja na farasi wake. Wengi huipita haraka kwa sababu zimejaa sokoni, lakini mimi naipenda kupita kiasi. Farasi amepiga magoti ya mbele, shingo imeinama, na mpandaji amegeuka nyuma akinyoosha mkono. Nimewaona farasi wakianguka, na huanguka hivyo hivyo.

Ya pili ni ya Numidia, ufalme wa kale wa Afrika Kaskazini, shaba nene ya wakati wa Massinissa au mwanawe Micipsa, karne ya 2 KK. Upande mmoja mfalme mwenye ndevu, upande wa pili farasi anakwenda shoti, hana mtu mgongoni. Ya tatu ni jitali, sarafu ndogo ya fedha, ya wafalme wa Hindu Shahi, waliotawala Kabul na baadaye Ohind (Pakistan ya leo): ng'ombe dume amelala upande huu, mpanda farasi mwenye mkuki upande ule.

Shida imeanza kwenye ya nne. Kila nikitafuta nakutana na farasi mpya. Kuna magari ya farasi wanne ya Syracuse, Nike, mungu wa kike wa ushindi, akiruka juu yao na taji. Kuna Carthage, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, na farasi wake mbele ya mtende. Kuna Larissa ya Thessaly huko Ugiriki, ambako farasi ameinamisha kichwa kama anayetaka kulala agaagae. Kuna dhahabu ya Samudragupta wa India, farasi amesimama mbele ya nguzo ya kafara. Zote nazitaka, na najua siziwezi zote. Sitaki kuwa na rundo la sarafu zisizojuana. Nyinyi mliotangulia mlichagua vipi? Pegasus wa Korintho naye ni farasi, au mabawa yanamtoa kwenye hesabu? Na nitajuaje kwamba ninayouziwa haikutengenezwa juzi?

Mzee_Mizani

Mwanangu Fundi, usikusanye farasi wote. Fedha zitakwisha na farasi watabaki. Chagua mmoja, kisha umfuate anakokwenda. Mimi nimemfuata wa Philip wa Pili wa Makedonia, na sijamchoka.

Mwaka 356 KK farasi wa Philip alishinda mbio za Olimpia. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasimulia kuwa habari tatu zilimfikia mfalme karibu kwa pamoja: jemadari wake Parmenion amewashinda Waillyria, farasi wake ameshinda, na mkewe amejifungua Alexander. Ushindi wa farasi akauweka kwenye pesa. Fedha yake ya drakma nne, yenye Zeus upande wa mbele, ina wapanda farasi wawili tofauti. Katika toleo la mwanzo aliye juu ni mfalme mwenyewe, mwenye ndevu na kofia pana ya Kimakedonia, ameinua mkono. Katika toleo la baadaye ni kijana wa mbio, uchi, ameshika tawi la mtende. Wewe unayetazama miguu utaona jambo ambalo wengi hulikosa: farasi hawa wote wawili wanatembea. Yule mshindi wa Olimpia hakuchorwa akikimbia. Mbio zimekwisha, sasa anatembezwa watu wamwone.

Hizo za fedha ni ghali. Lakini kuna shaba zake ndogo, za milimita 17 au 18, zenye kichwa cha Apollo mbele na kijana juu ya farasi nyuma. Ziligongwa kwa wingi mkubwa na bado zinapatikana bila kumfilisi mtu. Hiyo iwe ya nne yako.

Sasa mfuate. Philip alitoa pia dhahabu, Apollo upande mmoja na gari la farasi wawili upande wa pili, na ziliendelea kugongwa kwa jina lake hata baada ya kifo chake. Dhahabu hiyo ilisafiri mbali, nyingine ikiwa malipo ya askari wa kukodiwa, hadi ikafika kwa Wakelti wa Gaul, Ufaransa ya leo na jirani zake. Wao wakaanza kugonga za kwao kwa kuiga. Nakala za kwanza zinafanana na za Philip. Halafu mchongaji anaiga nakala, anayefuata anaiga nakala ya nakala. Farasi wawili wanakuwa mmoja. Dereva anabaki tao la vitone juu ya mgongo. Gurudumu linajitenga na gari na kuelea peke yake chini ya tumbo. Wakati wa vita na Julius Caesar, kati ya mwaka 58 na 50 KK, watu wa kaskazini mwa Gaul waligonga dhahabu ambayo upande mmoja ni mtupu kabisa, na upande wa pili kuna farasi aliyekatika vipande: mwili huku, miguu kule. Nyingi za aina hiyo zimefukuliwa kusini mwa Uingereza. Wakelti wa Uingereza nao wakaendeleza farasi wao, wengine wenye mkia wa matawi matatu.

Ukiweka ya Philip na ya mwisho pamoja, mtu asiyejua atakataa kwamba ni ukoo mmoja. Ukiweka zile za katikati, atakubali. Hapo ndipo utajua kwa nini sarafu ya katikati, hata iliyochakaa, ina thamani kwenye mkusanyo kuliko nzuri iliyokaa peke yake.

Na wewe tayari unao ukoo wa pili mkononi! Jitali yako ya Hindu Shahi ilienda njia hiyo hiyo. Jina la Samanta Deva, mfalme wa Hindu Shahi, liliendelea kunakiliwa muda mrefu baada yake, na watawala wengine wakaiga ng'ombe na mpanda farasi vizazi kwa vizazi. Hata Muhammad wa Ghor, aliyefariki mwaka 1206, alitoa za aina hiyo zenye jina lake kwa herufi za Kinagari, maandishi ya India. Katika matoleo ya baadaye ya wafalme wa Rajput wa kaskazini mwa India, farasi amebaki mistari na vitone. Asiyemjua babu yake hawezi kumtambua. Hizi zinapatikana kirahisi zaidi kuliko dhahabu ya Wakelti. Ningekuwa mahali pako ningeanzia hapo.

Mkia_Tatu

Shikamoo Mzee. Nakubaliana nawe, ila dada Fundi asifungiwe kwenye ukoo mmoja kabla hajaonja.

Pegasus ni farasi. Wakorintho wenyewe walimweka kwenye fedha yao karne baada ya karne, na chini ya tumbo wakaandika herufi ya kale ya jina la mji wao. Watu wa zamani waliziita sarafu hizo watoto wa farasi. Kama wao hawakuona tatizo, sisi ni nani?

Nitakupa na wa Carthage, kwa sababu hadithi yake ni nzuri. Inasemwa kwamba walipokuwa wakichimba msingi wa mji walikuta kichwa cha ng'ombe, ishara ya taabu na utumwa, wakahama. Walipochimba pengine wakakuta kichwa cha farasi, ishara ya vita na nguvu, wakajenga hapo. Shaba zao zenye kichwa cha farasi peke yake ni za kawaida, na shingo ile imechongwa na mtu aliyewapenda wanyama.

Kwa mwendo wa shoti, tafuta denari, sarafu ya fedha ya Roma, ya Lucius Calpurnius Piso Frugi ya mwaka 90 KK. Apollo mbele, mpanda farasi anakimbia nyuma. Ni kumbukumbu ya michezo ya Apollo, ambayo mtu wa ukoo wake alipendekeza iwe ya kudumu. Mwaka ule Roma ilikuwa vitani na washirika wake wa Italia na ilihitaji pesa nyingi, kwa hiyo mihuri ya kugongea ilichongwa kwa mamia, kila mmoja na alama yake: herufi, tarakimu, mdudu, chombo. Mpandaji wakati mwingine ana tawi la mtende, wakati mwingine mjeledi, wakati mwingine mwenge. Aina moja tu ya sarafu, na mtu anaweza kuikusanya maisha yake yote. Miguu ya farasi huyo imenyooshwa mbele na nyuma kwa pamoja. Ni baada ya picha za Eadweard Muybridge za mwaka 1878 ndipo watu walithibitisha kwamba farasi wa shoti huiacha ardhi akiwa ameikunja miguu chini ya tumbo.

Kasha_la_Shaba

Naingia kwenye swali la bandia, maana limerukwa.

Nunua mizani ya gramu yenye desimali mbili na lenzi ya kukuza mara kumi, kabla ya sarafu nyingine yoyote. Denari ya Piso inapaswa kuwa karibu gramu 3.9, ya Korintho yenye Pegasus karibu 8.6. Ikipungua au kuzidi sana, uliza kwa nini. Kisha tazama ukingo. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huacha mshono pembeni, vishimo vidogo vya hewa usoni, na mistari ya singa iliyolegea badala ya kukatika safi. Ukiona sarafu mbili zimetoka muhuri mmoja, hilo ni la kawaida. Ukiona mbili zina mkwaruzo ule ule na picha zake zimeenda upande kwa kiasi kile kile, angalau moja ni nakala ya nyingine.

Zile zilizogongwa kwa muhuri mpya ni ngumu zaidi. Carl Wilhelm Becker, Mjerumani aliyefariki mwaka 1830, alichonga mihuri ya sarafu za kale kwa ustadi wa kutisha. Inasimuliwa kwamba alizitia sarafu zake kwenye kisanduku chenye unga wa chuma, akakifunga chini ya gari lake la farasi na kuzunguka nalo barabarani ili zichakae. Ndiyo maana nasema: nunua kwa muuzaji anayerudisha fedha wataalamu wakiona sarafu ni bandia, na atakayekuandikia sarafu ilitoka wapi.

Hilo la mwisho si la kupuuza. Nchi kama Ugiriki na Uturuki zinahesabu sarafu zilizofukuliwa kuwa mali ya taifa. Sarafu yenye karatasi za mnada wa zamani, hasa kabla ya Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 wa kuzuia biashara haramu ya mali za kitamaduni, ina amani. Isiyo na historia yoyote huenda imeng'olewa mahali ambapo ingetufundisha mengi, na mimi hiyo siichukui hata nikiililia.

Mwisho, shaba zako usizisugue. Ukiona unga wa kijani mng'avu unaotoka kwa kucha, tenga hiyo sarafu na zingine mara moja na uiweke mahali pakavu. Ni ugonjwa wa shaba na unakula. Na usitumie vifuko vya plastiki laini vyenye PVC.

Fundi_Kwato

Asanteni sana wote. Mzee, shikamoo. Nimekaa na picha za mkusanyo wa British Museum kwenye mtandao, nikazipanga za Philip, za Gaul na za Uingereza kwa mfuatano kama ulivyosema, na ninaomba kutofautiana nawe kidogo.

Unasema farasi amekatika vipande. Mimi naona mchongaji amebakiza viungo. Vile vitone kwenye miguu ya farasi wa Kikelti havikudondoka ovyo: kimoja kipo begani, kimoja kwenye goti, kimoja kwenye kifundo juu ya ukwato. Ni sehemu zile zile ninazozipapasa nikitaka kujua farasi anachechemea wapi. Aliyechora hivyo aliacha nyama na ngozi, akashika mifupa inayopinda. Mtu anayeiga sarafu tu, bila kuwahi kumshika farasi, angevitia vitone popote.

Kwa hiyo nimeamua kufuata ukoo, lakini swali langu kwa kila sarafu litakuwa: huyu alimwona farasi, au aliiona sarafu tu? Je, kwa jitali nako inajibika?

Mzee_Mizani

Marahaba mwanangu. Nimetoa zangu kwenye kasha nikazitazama upya kwa lenzi, na kwa zile za Gaul umenishinda. Vitone vya miguu vipo kwenye viungo, si kwa sarafu moja bali kwa karibu zote nilizonazo.

Kwa jitali jibu ni gumu zaidi, na ndiyo raha yake. Kwenye zile za mwanzo farasi ana lijamu, ana matandiko, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa vizuri. Kwenye za mwisho mguu huo huo bado umeinuliwa, lakini umekuwa mstari ulionyooka, hauna goti. Nadhani huyo aliiona sarafu tu. Tafuta moja ya Samanta Deva iliyo safi, moja ya katikati, na moja ya mwisho ya Rajput, zote zenye mguu wa mbele unaoonekana ndani ya ukingo. Nyingi hukatwa hapo kwa sababu muhuri ulikuwa mpana kuliko kipande cha fedha. Ukizipata weka picha hapa, na uzipime uzito kabla hujalipa.