Tupeane uzoefu: uliumia kichwa, kazi uliirudiaje?

Mzee wa Mkasi
Wakuu, salaam. Nawaomba waliowahi kuumia ubongo, iwe kwa ajali, kipigo au kuanguka, na wanaoishi nao. Habari za wodini tuziache. Nataka kujua mliishikaje tena kazi.

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala. Mwaka 2021 nilikuwa abiria wa bodaboda, tukagongwa na Hiace. Damu ikavilia ndani ya fuvu, nikapasuliwa pale MOI, Muhimbili. Nywele zikaota, kovu likafichika, na hapo ndipo shida ilipoanza, maana kila anayeniona anasema "umepona kabisa!" Kumbe nikimpima mteja kiuno, nikifika kwenye mkono kiuno kimeshapotea. Zamani vipimo vya watu wanne watano nilikuwa natembea navyo kichwani.

Siku hizi kila mteja ana ukurasa wake kwenye kaunta buku. Naandika kipimo kabla sijasogeza futi, halafu nakata kipande cha kitambaa chake nakibandika pale pale kwa pini. Jina naweza kulisoma na sura isinijie, ila kitambaa nikikishika, mshono wote unarudi. Kukata ni asubuhi tu. Mchana napiga pindo na sare za shule, mistari iliyonyooka. Redio nimeiondoa, kelele zinanichosha. Wateja wanadhani nimeokoka.

Kingine, pua haisikii harufu. Nguo inaungua chini ya pasi na mimi nimeinama hapo hapo! Pasi nimemwachia kijana.

Mama Pili
Pole sana kaka. Kwangu ni mume. Mikono mizima, miguu mizima, tabia ndiyo iliyogeuka. Mtu mpole akawa anafoka kisa chumvi. Mawifi wakasema karogwa, mara mimi ndiye niliyemroga, wakamzungusha kwa waganga mpaka akiba ya duka ikakata. Daktari mmoja ndiye aliyetueleza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayoshika breki za hasira, na ndiyo iliyoumia. Ugomvi haukuisha, ila nyumbani tuliacha kutafuta mchawi.

Duka tumeligawana. Asubuhi anafungua yeye, anapanga mikate, anahesabu maziwa, watu wachache. Jioni watoto na kelele zinapojaa nasimama mimi. Kukopesha pia ni mimi, kwa sababu alifika mahali anamkopesha kila aliyeomba, hata wapita njia.

Nesi Mstaafu
Fundi, nyuzi za neva ya harufu hupita kwenye vitundu vidogo vya mfupa ulio juu ya pua. Kichwa kikipigwa ubongo unatikisika, nyuzi zinakatika. Wengine hurudiwa, wengine ndiyo basi. Jiko la gesi usiwashe ukiwa peke yako, na chakula kilicholala mpe mwingine akinuse kwanza.

Na nyote: kifafa cha jeraha la kichwa kinaweza kuanza hata miaka baadaye. Aliyepewa dawa zake asiziache ghafla bila daktari.

Pancha Sabasaba
Hicho kifafa ndicho kilichonishusha kwenye pikipiki. Tajiri alichukua chombo chake na sikumlaumu, mtu wa kuanguka atabebaje abiria? Nikabaki kijiweni naziba pancha na kubadili oili. Hela ni ndogo, siku nyingine haifiki hata ile hesabu niliyokuwa nampelekea. Ila nipo na washikaji wangu na wananijua: nikianguka wanasogeza spana, wananilaza ubavu, wanaangalia saa. Hakuna kijiko mdomoni. Mwanzoni walikimbia, waliambiwa mate yanaambukiza.

Karani wa Ghala
Mwanza hapa. Mimi niliangukiwa na mzigo nikiwa kazini, kwa hiyo nilipitia WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Kwa ulemavu wa muda wanalipa asilimia 70 ya mshahara, isizidi miezi 24, na matibabu. Fedha ilinisaidia, kurudi ndiko kulikuwa kazi. Bosi aliniona natembea, akanipa kazi zote siku ya kwanza. Kufika saa sita nasoma mstari huu, naandika wa chini yake. Akadhani nazuga. Ilibidi daktari aandike barua nianze nusu siku. Mpaka leo naweka rula chini ya kila mstari, na hesabu ya mwisho mwenzangu anaipitia. Mchana nalala kidogo juu ya magunia, wacheke wanavyotaka.

Mzee wa Mkasi
Hiyo WCF aliyejiajiri anaipata?

Karani wa Ghala
Hapana mkuu, wanaochangia ni waajiri kwa ajili ya wafanyakazi wao. Mafundi na bodaboda wanaoumia kila siku ndio wako nje, nami naona ni dosari kubwa. Wewe ulikuwa abiria, cha kufuatilia ni bima ya gari lililowagonga. PF3, ile fomu ya polisi, unayo? Muone wakili au watu wa msaada wa kisheria haraka, madai yana ukomo.

Mzee wa Mkasi
Ipo kwa dada, Tandika. Nitaifuata. Mama Pili, hiyo zamu ya asubuhi uliianzaje bila mzee kuona amepokonywa duka?

Mama Pili
Funguo zinalala kwake, kaka. Nikitaka kufungua mapema namwomba. Nilichoficha ni daftari la madeni tu.