Alama ya kufaulu OSCE ya upasuaji: 50 kwa kila kituo ni haki?

Kalamu_Nyekundu:
Wadau, naombeni msaada wa kitaalamu. Tunaandaa OSCE, yaani mtihani wa vitendo wa kupita kituo kwa kituo, ya madaktari wa uzamili wa upasuaji: vituo 12, dakika 8 kila kimoja, watahiniwa 34, mizunguko miwili inayokwenda sambamba. Kila kituo kina fomu ya hatua yenye alama 20, na alama ya kufaulu ni asilimia 50 kote. Kituo cha kushona ngozi karibu wote wanapita. Kituo cha maji na chumvi za mwili karibu wote wanaanguka. Mtahiniwa akipata 48 akauliza kwa nini mpaka ni 50 na si 47, hatuna jibu. Tufanyeje?

Takwimu_Wodini:
Mkuu, hiyo 50 haijui kituo kipi kigumu na kipi chepesi, ndiyo maana huna jibu la kumpa. Acha mtihani wenyewe ukupe mpaka wa kila kituo.

Mbali na fomu ya hatua, kila mtahini atoe daraja moja la jumla: 1 ameshindwa wazi, 2 yuko mpakani, 3 amefaulu, 4 mzuri, 5 bora. Baada ya mtihani, weka madaraja kwenye safu moja ya Excel na alama za fomu kwenye safu ya pili, kituo kwa kituo. SLOPE itakupa mteremko wa mstari, INTERCEPT mahali unapoanzia. Alama ya kufaulu ni pale mstari unapokutana na daraja la 2.

Mfano. Kituo cha kushona kimetoa mwanzo 6.2 na mteremko 2.9: 6.2 + (2 × 2.9) = 12 kati ya 20, yaani asilimia 60. Kituo cha maji na chumvi kimetoa 4.1 na 2.2: jumla 8.5, yaani asilimia 42.5. Hapo utaona 50 yenu ilikuwa inawapitisha wasiojua kushona na kuwaangusha wanaojua kurudisha maji.

Kwa watahiniwa 34 njia hii inafaa kuliko kuchukua wastani wa walio mpakani peke yao, maana kituo kimoja kinaweza kuwa na watatu tu wa namna hiyo. Mstari unatumia wote 34.

Angalia pia RSQ, namba ya 0 hadi 1 inayoonyesha fomu na daraja zinavyokwenda pamoja. Ikishuka chini ya 0.5, fomu na daraja haviongei lugha moja: ama hatua zilizoorodheshwa si zile zinazoonyesha umahiri, ama watahini wanahukumu kitu kingine. Kituo hicho kikaguliwe kabla matokeo hayajatoka. Na mteremko ukiwa chini ya alama 2 kati ya 20, kituo hakitenganishi wazuri na dhaifu.

Bi_Sindano:
Naongezea hapo kwenye kushona, kwa sababu tatizo linaanzia kwenye fomu. Kama imeandikwa "ameshika sindano", "ameshona", "amefunga fundo", hata anayebahatisha atazoa alama. Andikeni kinachoonekana kwa macho: sindano imeshikwa kwenye theluthi mbili kutoka nchani; imeingia ngozini kwa nyuzi 90; umbali kutoka ukingo wa kidonda ni sawa pande zote mbili; kingo zimeinuka kidogo zikakutana, hazikujikunja kwa ndani; ngozi haikugeuka nyeupe kwa kukazwa mno.

Hata hivyo fomu ya hatua humpendelea mwanagenzi anayefuata kila mstari. Bingwa huruka hatua kwa sababu mkono wake umeziunganisha. Kwa vituo vya mikono tumieni mizani ya OSATS iliyotoka Toronto miaka ya 1990: vipengele 7, kila kimoja 1 hadi 5, na maelezo yameandikwa kwenye 1, 3 na 5. Kuna heshima kwa tishu, muda na mienendo ya mkono, ushikaji wa vifaa, mtiririko wa upasuaji, na kadhalika. Anayebana ukingo wa ngozi kwa koleo mpaka unaacha alama anapata 1 kwenye tishu, hata kama fundo lake ni zuri.

Kalamu_Nyekundu:
Asanteni sana. Watahini wetu hujumlisha fomu kwanza, ndipo wanaandika daraja. Kuna shida? Na yule wa 48 tunamfanyaje?

Takwimu_Wodini:
Shida ipo, na ni kubwa. Akishaona 14, mkono unaandika 3 wenyewe, na RSQ inapanda kwa uongo. Ondoeni kisanduku cha jumla kwenye fomu, ajumlishe karani. Daraja liandikwe ndani ya dakika 2 za kubadilishana vituo, kabla mtahiniwa mwingine hajaingia. Fomu isiyo na daraja irudishwe palepale, kesho yake hakuna anayekumbuka.

Kwa wa 48, piga kosa la kipimo: SD (mtawanyiko wa alama) × kipeuo cha pili cha (1 − alfa), alfa ikiwa kipimo cha uthabiti wa mtihani. SD ikiwa 6 na alfa 0.75, kosa ni 3. Alfa ipigwe kwa alama za vituo 12, msichukue mistari ya fomu. Ikiwa mpaka wa jumla umetoka 49, basi 48 na 50 hazitofautiani kitakwimu. Kwa mtihani unaomruhusu mtu kupasua, wengi huongeza kosa moja juu ya mpaka, uwe 52, na kudai pia idadi ya vituo vya kufaulu, mathalani 8 kati ya 12, ili uhodari wa kuchukua historia usifunike mkono mbovu. Lakini kanuni hiyo iandikwe na kutangazwa kabla ya mtihani. Majina yakishaonekana, mpaka hausogezwi.

Bi_Sindano:
Na hiyo mizunguko miwili: linganisheni wastani wa kituo kilekile pande zote mbili. Kabla ya siku yenyewe, watahini wote waangalie video ileile ya mshono, kila mtu atoe daraja lake kimya, kisha wajadili. Aliyetoa 4 na aliyetoa 2 waelewane pale, mtahiniwa akiwa hayupo.