Mrejesho: aibu mbele ya wateja wa mekapu

Wadau, asanteni sana. Niliuliza mpambaji wa maharusi mwenye aibu kama mimi afanyeje bei isimkwame mdomoni.

Nimebandika karatasi ya bei ukutani. Mteja akikaa nauliza matatu tu: ngozi yako ya mafuta au kavu, una mzio wowote, unataka mekapu ikolee au iwe nyepesi? Baada ya hapo ukimya hausumbui tena. Foundesheni (ile ya kupaka uso mzima ifanane na rangi ya ngozi) naijaribu kwenye taya, si mkononi, nasubiri dakika 10 maana nyingine hukolea rangi zikikauka. Mteja akijiangalia kwenye kioo karibu na dirisha, anachagua mwenyewe.

Video za kuonyesha kazi yangu huku naongea zimenishinda. Narekodi mikono tu, maelezo naandika juu. Punguzo bado gumu kulikataa ana kwa ana, kwa sasa najibu kwa meseji.