Nimelipia moldi (kalibu) ya boneti ya kaboni milioni 1.9, karakana inasema moldi ni yao

Wakuu, sijaja kulia bei. Kaboni, zile nyuzi nyeusi zinazosukwa kitambaa na kugandishwa kwa gundi ya resini, ni ghali, nalijua, na nililipa nikiwa na akili zangu timamu. Ninachokuja kulalamikia ni namna hiyo bei inavyopangwa, maana nimepigwa, na nahisi wengi humu wenye magari ya zamani mmepigwa vilevile ila hamjashtuka.

Nina Datsun 160J aliyoniachia marehemu mzee. Ni ukoo mmoja na zile alizoshindia dereva Shekhar Mehta Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, ingawa ya mzee haijawahi kushindana na chochote zaidi ya kuwahi pantoni la Kigamboni. Chumvi ya bahari ikamaliza boneti. Kwa nje rangi safi, ukiinua, mbavu za ndani zinamomonyoka kwa kidole. Boneti mpya ya chuma hakuna, gari lenyewe liliacha kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuagiza nje nako nilipiga hesabu nikachoka: mzigo wa umbo lile nauli yake ni balaa, ushuru unapigwa juu ya bei pamoja na nauli na bima, halafu VAT asilimia 18 inakaa juu ya yote hayo.

Nikaingia karakana moja hapa Dar, jina nalihifadhi. Ankara ikatoka milioni 3.8. Nusu moldi, nusu boneti yenyewe, na ndani ya ile nusu ya moldi kuna laki mbili za "kuziba kasoro za boneti ya zamani". Hizo laki mbili zikumbukeni.

Kuna watakaokuja hapa kusema kitambaa cha kaboni mita moja ni bei fulani tu. Kitambaa siyo kesi. Kazi iko kwenye moldi: boneti ya zamani isuguliwe, izibwe, ipakwe nta mara tano sita, gelkoti (tabaka la juu la kulainisha uso), mikeka ya faibaglasi tabaka kwa tabaka, fremu ya kuikaza isipinde, kisha isubiriwe ikauke. Kiwanda chenye oda elfu moja kinaigawa gharama hiyo kwa elfu moja. Mimi wa boneti moja naibeba yote mgongoni. Ongeza joto letu: epoksi, ndiyo hiyo resini, ukishaichanganya na hadina ya kuigandisha ukaisahau kwenye kopo saa saba mchana, inajichemsha yenyewe mpaka inafuka moshi, imekufa hiyo. Fundi makini anaamka nayo alfajiri. Ile kaboni ya daraja la juu inayokuja imeshalowekwa resini ndiyo kabisa, inataka friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa umeme huu? Kwa hiyo bei nilimwelewa, nikalipa nusu, nikaondoka nikipiga mluzi.

Wiki tatu zikawa miezi minne na nusu. Hilo tuliache, fundi ni fundi. Boneti ikaja inang'aa, msuko unaonekana vizuri, majirani wanapiga nayo picha. Nikamalizia hela yao, nikaipeleka kwa fundi wangu Gerezani atoboe matundu ya pini za kufungia boneti. Dirili ikaingia, vumbi jeusi. Kidogo tu, vumbi jeupe. Akazima mashine, akaliokota kwa ncha ya kidole, akanionyesha bila kusema neno. Kaboni inatoa vumbi jeusi mwanzo mwisho. Jeupe ni faibaglasi. Yaani nimeuziwa mtumbwi wa faibaglasi uliovikwa kaniki. Tukaenda kwenye mizani ya jamaa wa vyuma chakavu: boneti ya chuma kilo 17, "kaboni" yangu kilo 12.

Nikampigia mwenye karakana. "Bosi, ankara imeandika boneti ya kaboni, haijaandika kaboni tupu."

Nikameza. Nikamwambia basi nipe moldi yangu, nitatafuta fundi mwingine wa kunitolea boneti. "Moldi ni mali ya karakana bosi, wewe ulilipia kutengenezwa kwake." Isomeni taratibu hiyo. Mimi nikimlipa seremala anichongee kitanda, kitanda kinabaki kwake?

Ningekuwa nimeshanyamaza, maana mke wangu ananiambia presha itanipanda kwa ajili ya bati. Ila Jumapili iliyopita niko Coco Beach nanunua mihogo, naona Datsun kama yangu, ya bluu, boneti ya kaboni. Nikasogea. Sasa, mwaka juzi embe bichi liliangukia boneti ya mzee, likaacha kibonyeo cha saizi ya kidole gumba karibu na wipa ya kushoto. Ndicho nilichokilipia laki mbili kizibwe. Hawakugusa. Moldi ikakinakili, boneti yangu mpya ikatoka nacho, na mimi kwa furaha ya siku ile sikukiona. Nikapitisha kidole kwenye ile ya bluu: kipo. Palepale, karibu na wipa ya kushoto. Embe la kwetu Kigamboni liko kwenye gari la mtu nisiyemjua.

Mwenyewe ni kijana mstaarabu tu. Nikamuuliza kalipa ngapi. Milioni mbili. Na moldi je? "Hawakunichaji mkubwa, walisema wanayo tayari."

Nimempa mwenye karakana mpaka Ijumaa: moldi au milioni 1.9 yangu, vinginevyo napeleka ankara na picha za lile vumbi Tume ya Ushindani. Kama kuna mwingine mwenye 160J aliyechukua boneti kwao, naomba akaangalie karibu na wipa ya kushoto, kisha aniandikie hapa alilipa ngapi.