Nauza Peugeot 504 stesheni wagoni ya marehemu mzee, nianzie bei gani?

Kitindamimba_wa_Sita:
Wakuu habari za leo. Nina Peugeot 504 stesheni wagoni ya 1977, ile ya siti safu tatu, ilikuwa ya marehemu mzee wetu. Watoto wote sita tumekulia humo, kila Desemba Dar mpaka Moshi, tunagombania dirishani na mizigo imefungwa kwenye keria juu. Mzee alipofariki ikakaa chini ya mwembe miaka tisa, kuku wakawa wanatagia ndani. Nimeianza 2021 nimeimaliza juzi juzi tu, sakafu ilikuwa imeliwa na kutu nikakata nikachomelea bati jipya, injini ya petroli 1971cc imefunguliwa yote, pistoni mpya, ringi mpya, kabureta imesafishwa, siti zimeshonwa upya na gia ni ile ile ya kwenye usukani, inaingia vizuri kabisa. Imekula kama milioni 16 bila kuhesabu muda wangu. Sasa nahamishwa kikazi sina pa kuiweka, dalali mmoja kanipa milioni 5 anasema ni chuma chakavu kimepakwa rangi. Imeniuma sana. Niseme bei gani? Na Nairobi si wanazipenda hizi, nipeleke huko?

fundi_bati:
Hongera mkuu, kuchomelea sakafu ya wagoni siyo kazi ndogo. Huyo dalali kazoea kuuza IST na Noah, gari anaipima kwa mwaka na kilomita basi. Ila na wewe usichukue milioni 16 ukaweka na faida juu, mnunuzi halipii risiti zako, analipia anachokiona na anachokiamini. Rangi inaficha mengi ndo maana watu wanaogopa gari iliyorudishwa upya. Una picha za bodi ikiwa uchi kabla ya pati na rangi? Hizo ndo zitakupandishia bei. Weka za uvunguni, chini ya milango, na pale zinapokaa koili nne za nyuma maana ndo zinabeba mzigo wote. Ningekuwa mimi ningeanzia 15, chini ya 11 sishuki.

Namanga_kwetu:
Nairobi sahau kaka, Kenya hawaruhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8. Wapenzi wapo kweli, nenda siku ya maonyesho pale Ngong Racecourse utaona magari ya zamani yanavyong'arishwa, lakini wana ya kwao, kule wameunganisha 504 miaka mingi hata baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza saluni yake 1983. Kwako Nairobi ni ya spea tu. Mnunuzi wako yuko hapa hapa, mtu mzima ambaye baba yake naye alikuwa nayo, au wa kukodisha harusini. 504 ndiyo iliyoshinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1975, wazee wanalikumbuka jina hilo, litaje kwenye tangazo.

Mama Neema:
Mwanangu kabla ya bei, kadi ya gari ina jina la nani? Kama bado ni la baba yenu huwezi kuuza. Lazima kuwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mkae kikao cha familia muandike muhtasari, mpeleke na cheti cha kifo, ndo umiliki ubadilishwe TRA. Sisi tuliuza gari ya marehemu mume wangu kwa karatasi ya kuandikiana tu, shemeji akaja kudai fungu lake, mnunuzi akarudi anataka hela yake na ilikuwa imeshalipa ada za shule. Pesa uliyotengenezea iandikwe kwenye muhtasari, wenzio waikubali kabla gari haijauzwa.

Kitindamimba_wa_Sita:
Ahsante sana mama, kadi bado ina jina la mzee, sikuwa nimelifikiria kabisa hilo. Wenzangu wanajua naitengeneza ila hatujawahi kukaa kuongea hela. Kaka mkubwa nimempigia sasa hivi, kikao Jumapili nyumbani, kasema nije nayo maana mama hajaipanda tangu mzee aondoke. Fundi, picha za bati tupu ninazo kama 200, nazipandisha usiku.