ETI "DADA, KAPIKE"?! Yule bwana wa kompyuta leo amenimaliza

Mhasibu_Ntinda: Jamani nimekuja mbio, moyo bado unadunda. Mnamjua. Yule wa ghorofa ya pili, funguo kiunoni kama askari jela. Leo tarehe 15, niko kwenye ritani ya PAYE, ile kodi ya mishahara, mistari 212 ya mishahara, rolex (chapati ya mayai, si saa!) mkononi. Mara skrini nzima buluu: "Dada, kapike." Sekunde tano tu, giza! KAPIKE! Yeye kakaa huko juu kaandika shutdown /s /m na jina la mashine yangu, ile amri ya kuzima kompyuta ya mtu kutoka mbali, anacheka mpaka dari langu linadondosha vumbi. Namfuata, ananiambia eti alikuwa anajaribu. Anajaribu nini, na "Dada, kapike" kaiandika kwa herufi zake zote, mpaka mkato kauweka?!

Boda_Wandegeya: Kwani ulipika nini? 😂

Sevu_Kwanza: Mistari 212 bila Ctrl+S? Nyabo, bwana wa watu hana kosa.

Mhasibu_Ntinda: Nilisevu saa tatu asubuhi!! Halafu umesoma alichoandika? KAPIKE.

Mzee_wa_Seva: Ungeandika shutdown /a kabla muda haujaisha, ingesitishwa. Asipoweka /t, yaani muda wa kusubiri, unapata sekunde 30, kwa hiyo hizo tano kazichagua mwenyewe. Na muda ukizidi sifuri, programu zinafungwa kwa nguvu hata bila /f, ambayo ndiyo kazi yake.

Mhasibu_Ntinda: Sekunde tano mzee wangu, vidole vimejaa mafuta!

Jinja_Kwetu: Afadhali wewe. Wa kwetu alitaka kumtoa mtu mmoja kwenye seva, kompyuta kuu ya ofisi, akaizima seva yenyewe, ofisi nzima tukabaki tunatazamana. Alijaribu /l ya kumtoa mtu pamoja na /m ikakataa, akaona bora /s ya kuzima. Si uandike quser /server: na jina la seva upate namba ya kikao cha huyo mtu, kisha logoff na namba hiyo, na /server: na jina lile lile tena? Na anaitwa injinia!

Mbarara_Juu: Mna seva? Sisi tunazimwa na jenereta, na haituambii hata tukapike.

Jinja_Kwetu: Dizeli si mnauza nyinyi wenyewe 😂

Mbarara_Juu: Anauza mlinzi. Mimi nashika tochi tu.

Boda_Wandegeya: Hiyo rolex ya Ntinda ni ya pale kwenye mwembe? Chapati yake siku hizi unaona mpaka upande wa pili.

Sevu_Kwanza: Na yai moja analiita mawili.

Mhasibu_Ntinda: Jamani, KAPIKE!!

Boda_Wandegeya: Nyanya bado anaweka?