Sindano za sukari na za kupunguza uzito: tupeane uzoefu, ipi inafanya nini

Mwanzisha uzi
Wakuu, salaam. Tukusanye hapa mambo ya kweli kuhusu sindano hizi, maana watu wanazichanganya hadi wanaumia. Ozempic na Wegovy ni dawa moja, semaglutaidi: ya kwanza iliidhinishwa kwa kisukari cha aina ya 2, ya pili kwa uzito. Mounjaro na Zepbound ni tirzepataidi. Victoza na Saxenda ni liraglutaidi, ambayo huchomwa kila siku. Hizo nyingine ni mara moja kwa wiki. Insulini ni habari nyingine kabisa: huishusha sukari yenyewe, na wengi huongezeka uzito wakiitumia. Mwenye kisukari cha aina ya 1 asiiache kwa ajili ya sindano hizi. Karibuni, wenye ujuzi mwaga hapa.

Mfamasia wa Kona
Asante mkuu. Kosa kubwa ni kulinganisha miligramu. Miligramu 5 za tirzepataidi ni hatua ya pili tu, wakati sindano ya semaglutaidi kwa kawaida haifiki hapo: Ozempic huishia 2, Wegovy huishia 2.4 kwa ratiba ya kawaida. Kwa hiyo anayehama dawa asibebe namba ya zamani.

Semaglutaidi huanza na 0.25 kwa wiki 4, kisha 0.5. Tirzepataidi huanza na 2.5 kwa wiki 4, kisha 5. Dozi ya kuanzia si ya kutibu, ni ya kuzoesha tumbo. Ndiyo maana kupima sukari wiki ya pili na kusema "dawa haifanyi kazi" ni kuionea. Ukiruka hatua, tumbo ambalo dawa imelichelewesha kumwaga chakula litakulipiza kwa kutapika.

Kwa uzito, utafiti uliochapishwa 2025 uliziweka mbili hizi ana kwa ana kwa wiki 72, kwa watu wanene wasio na kisukari: tirzepataidi ilipunguza wastani wa asilimia 20.2 ya uzito, semaglutaidi 13.7. Mwenye kisukari kwa kawaida hupungua kidogo kuliko hapo.

Nesi wa Kliniki ya Sukari
Naongezea uchomaji, maana dawa nyingi huishia kwenye ngozi. Kalamu (kifaa cha kuchomea) mpya ya Ozempic: funga sindano mpya, zungusha hadi alama ya kuangalia mtiririko, elekeza ncha juu, bonyeza. Lazima uone tone nchani. Usipoliona, rudia. Kisha zungusha hadi dozi yako, choma tumboni (mbali kidogo na kitovu), pajani au nyuma ya mkono wa juu, bonyeza hadi isome 0, na uiache ndani huku ukihesabu taratibu hadi 6. Ukichomoa mapema utaona dawa inachuruzika, na hiyo ni dozi pungufu.

Toa sindano kila baada ya kuchoma. Ukiiacha imefungwa, dawa huvuja na hewa huingia. Iliyotumika iingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko. Dada wa kazi asije akachomwa na mfuko wa taka.

Ukisahau siku yako: Ozempic unaweza kuichoma ndani ya siku 5, Mounjaro ndani ya siku 4. Zikipita, subiri siku yako ya kawaida. Usichome mbili kufidia. Ukikosa wiki kadhaa mfululizo, rudi kwa daktari kabla ya kuendelea, huenda ukashushwa dozi.

Mdau wa Mombasa
Joto letu hili! Kalamu ambayo haijafunguliwa ikae friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Ikiganda, tupa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Ozempic iliyoanza kutumika hudumu wiki 6 hadi 8 chini ya nyuzi 30, kutegemea maelekezo ya boksi lako, lakini chumba cha mabati mchana hupita hapo, kwa hiyo irudishe friji. Safarini ifunge kwa kitambaa kabla ya kuiweka karibu na barafu.

Daktari wa Wilaya
Wanaotumia pia vidonge vya sukari vya glibenklamidi au gliklazidi, au insulini: sukari inaweza kushuka ghafla, dozi za hizo huenda zikahitaji kupunguzwa mapema. Ukitetemeka na kutokwa jasho, kunywa nusu glasi ya soda yenye sukari, pima tena baada ya dakika 15.

Asitumie mjamzito, wala mwenye historia ya saratani ya medula ya tezi ya shingo katika familia. Semaglutaidi isimamishwe angalau miezi 2 kabla ya kutafuta mimba. Anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango na kuanza tirzepataidi atumie kondomu wiki 4 za kwanza, na wiki 4 kila dozi inapopanda. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni: acha dawa, nenda hospitali usiku huohuo.

Mfamasia wa Kona
Na feki zipo. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia zilizobainika Brazil, Uingereza na Marekani. Kagua namba ya toleo kwenye boksi na kwenye kalamu; zikitofautiana, usichome, ipeleke kwa mamlaka ya dawa ikiwa na boksi lake.